Vijana wa Lugha: Mafunzo ya Wakalimani wa Kibalozi kutoka Venice hadi Berlin, na Nafasi ya Kiswahili Ndani Yake

Utangulizi

Neno balozi limezoeleka mno katika Kiswahili, hata ni wachache wanaojiuliza limetoka wapi. Katika Unguja ya karne ya 19 lilitumiwa kumwita mwakilishi wa dola ya kigeni aliyekaa mjini kulinda biashara na raia wa nchi yake. Baadaye likapanuka likawa jina la kila mjumbe wa dola kwa dola. Asili yake ya mbali ni bailo, cheo cha mwakilishi wa Jamhuri ya Venice katika mji wa Constantinople, ambao leo ni Istanbul. Waturuki walilitamka balyoz; kutoka kwao likaingia katika Kiarabu cha Iraki na Ghuba, na kwa njia ya bahari likafika Pwani ya Afrika Mashariki. Neno mkalimani nalo lina shina la Kiarabu, lile lile la kalima, yaani neno. Na tarijumani, neno ambalo wazee wa Pwani walilijua pia, ndilo walilolichukua watu wa Bahari ya Kati wakalipindua kwa matamshi yao hata likawa dragoman.

Balozi na mkalimani wameandamana tangu zamani kama chanda na pete. Hata hivyo, uhusiano wao haukuwa mwepesi kamwe. Balozi asiyejua lugha ya mwenyeji wake ana cheo, ana barua za mfalme na ana fedha, lakini hana ulimi. Ulimi wake umo kinywani mwa mtu mwingine, na mtu huyo aghalabu ana jamaa, mali na hofu zake mwenyewe. Makala haya yanachunguza jinsi dola kadhaa za Ulaya zilivyojaribu kulitatua tatizo hilo kwa kufundisha vijana wao ukalimani, tangu karne ya 16 hadi mwanzo wa karne ya 20, na namna ambavyo Kiswahili kiliingizwa katika mafunzo hayo. Hoja inayojengwa ni kwamba swali la msingi katika historia hii halikuwa la sarufi wala msamiati. Lilikuwa swali la amana: dola imwamini nani kusema kwa niaba yake, na imlipeje, na imheshimuje, yule inayejifunza lugha kwake?

Nyumba ya Bailo

Katika karne ya 16 Venice ilitegemea sana biashara yake na Dola ya Uthmaniya. Bailo alikuwa balozi, hakimu wa wafanyabiashara wa Venice waliokuwa mjini, na mpelelezi wa habari kwa wakati mmoja. Kazi zote hizo zilihitaji Kituruki, na bailo hakukijua. Aliwategemea wakalimani waliotoka katika familia za Kikatoliki za Galata na Pera, vitongoji vya Wazungu ng'ambo ya mji mkuu. Wengi wao walikuwa raia wa Sultani. Walijua lugha tatu au nne tangu utotoni, walijua adabu za baraza, na walijua ni mlango upi wa kubisha na zawadi ipi ya kupeleka. Walichokosa ni kinga.

Waswahili husema mjumbe hauawi. Kanuni hiyo ilijulikana Istanbul pia, lakini ilimfunika balozi tu, haikumfunika yule aliyeyatamka maneno ya balozi. Mkalimani Marcantonio Borisi, mtumishi wa Venice, aliuawa kwa amri ya serikali ya Uthmaniya mwaka 1620. Mwaka 1649, wakati wa vita vya Krete, bailo Giovanni Soranzo alitiwa kifungoni, lakini mkalimani wake mkuu, Giovanni Antonio Grillo, ndiye aliyenyongwa. Kwa mtu wa namna hiyo, kila neno kali la balozi lilikuwa hatari kwa shingo yake mwenyewe. Si ajabu, basi, kwamba mabalozi walilalamika mara kwa mara kwamba wakalimani wao hulainisha maneno, huyapunguza makali, au huyameza kabisa. Walichokiita udanganyifu, aghalabu kilikuwa hofu ya mtu aliyesimama baina ya ghadhabu mbili.

Hata kabla ya mikasa hiyo, Baraza la Seneti la Venice lilikuwa limeona haja ya kupata wakalimani walio raia wake. Mwaka 1551 lilitoa amri kwamba vijana wawili wapelekwe nyumbani kwa bailo wakajifunze Kituruki cha kusema na cha kuandika. Vijana hao waliitwa giovani di lingua, yaani vijana wa lugha. Mpango wenyewe ulikuwa sahili: kijana akae katika nyumba ya balozi, afundishwe na mwalimu wa Kituruki, anakili barua, awafuate wakalimani wazima barazani, na baada ya miaka kadhaa apande ngazi mpaka apate cheo kamili.

Matokeo yake hayakulingana na matumaini. Tauni iliwaua baadhi. Wengine walishindwa na anasa za mji mkubwa. Wengine walichoka na kurudi kwao kabla ya kuiva. Wachache walisilimu wakabaki upande wa pili, jambo lililoiogofya Venice kuliko ujinga wa lugha. Waliodumu katika kazi walikuwa zaidi wana wa zile zile familia za wakalimani, ambao nyumba zao zilikuwa shule tangu awali. Hivyo mpango uliobuniwa ili kuziepuka familia hizo uliishia kuzipa wana wao mishahara ya uanafunzi. Funzo la kwanza la historia hii limo humo: amri ya serikali yaweza kumweka kijana mahali pa kujifunzia, lakini haiwezi kumpa mazingira ya lugha ambayo mwana wa familia ya wakalimani aliyanyonya pamoja na maziwa.

Shule ya Watoto: Paris na Vienna

Ufaransa iliingia katika njia hiyo karne moja baadaye. Mwezi Novemba 1669, kwa msukumo wa waziri Colbert, ilitolewa amri kwamba watoto wa Kifaransa wa umri wa miaka minane hadi kumi wapelekwe Constantinople na Smyrna, wakalelewe na watawa wa Kikapuchini, wafundishwe lugha za Mashariki hadi waweze kuwa wakalimani. Gharama zilibebwa na Baraza la Biashara la Marseille. Jambo hili linafaa kutiliwa maanani, kwa kuwa linaonyesha wazi ni nani aliyeumia zaidi mkalimani alipokosea. Kosa la tafsiri katika baraza la waziri liliweza kuleta vita, lakini kosa la tafsiri katika forodha lilileta hasara kila siku.

Baadaye njia ilibadilishwa. Mwaka 1700 mfalme Louis XIV alijaribu kinyume chake: watoto Wakristo wa Mashariki waliletwa Paris, katika shule ya Wajesuti iliyoitwa Louis-le-Grand, ili walelewe katika utiifu kwa Ufaransa. Mwaka 1721 nafasi zao zilipewa watoto 10 wa Kifaransa, ambao walianza masomo Paris kisha wakaenda kuyakamilisha Constantinople. Ndipo mafunzo yalipopata umbo la hatua mbili, msingi nyumbani na ukomavu ugenini. Kama zoezi, vijana wa huko Constantinople walitakiwa kutafsiri hati za Kituruki, Kiarabu na Kiajemi na kuzituma Paris. Daftari zao zimehifadhiwa hadi leo katika maktaba ya taifa ya Ufaransa. Hivyo kazi za wanafunzi zimekuwa hazina ya wasomi.

Huko Vienna, Malkia Maria Theresa alianzisha Akademia ya Mashariki mwaka 1754, kwa shabaha ile ile ya kupata wakalimani na maofisa wa kibalozi katika Dola ya Uthmaniya. Mmoja wa wanafunzi wake, Joseph von Hammer-Purgstall, alikuja kuwa mwanahistoria wa dola hiyo na mfasiri wa mashairi ya Hafidh kwa Kijerumani. Tafsiri hiyo, iliyotoka mwaka 1812 na 1813, ndiyo iliyompa Goethe hamu ya kutunga diwani yake ya Mashariki na Magharibi. Shule iliyokusudiwa kuzalisha watumishi wa ofisi, basi, ilizaa pia usomi na fasihi. Jambo hilo hilo lingetokea tena, kwa namna nyingine, pale Kiswahili kilipofika darasani.

Kiswahili Mbele ya Mabalozi

Mnamo nusu ya kwanza ya karne ya 19 Unguja ilianza kupokea mabalozi. Marekani ilifunga mkataba na Seyyid Said mwaka 1833 na kumweka balozi wake mwaka 1837; Uingereza ilifunga mkataba wake mwaka 1839, na Hamerton akafungua ubalozi wake Unguja mwaka 1841; Ufaransa ilifuata kwa mkataba wa 1844. Barua rasmi za Seyyid ziliandikwa kwa Kiarabu, lakini shughuli za forodha, bandari, mashamba na misafara zilisemwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo balozi aliyekuwa na mwandishi wa Kiarabu alikuwa na nusu ya ulimi tu. Kazi za wamishenari, hasa sarufi ya Krapf ya 1850 na kitabu cha Steere cha 1870, ziliwapa wageni njia ya kwanza ya kujifunza Kiswahili kwa kitabu.

Hatari ya kukosa mkalimani mwaminifu ilidhihirika vibaya bara. Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alizunguka Usagara na nchi jirani akikusanya mikataba ambayo kwayo machifu walisemekana kuitoa nchi yao yote, pamoja na haki zake zote, milele. Mkataba unaokumbukwa zaidi ni ule wa Mangungo wa Msovero. Hati yenyewe, iliyoandikwa kwa Kijerumani, yataja kwamba yaliyomo yalifikishwa kwa Mangungo kwa kinywa cha mkalimani. Ni vigumu kuamini kwamba dhana ya kuhamisha enzi ya nchi, kama ilivyofahamika katika sheria ya Ulaya, iliweza kupita kutoka Kijerumani hadi lugha ya Msovero katika kikao kimoja na ikafika salama. Juu ya hati za namna hiyo serikali ya Ujerumani ilitoa hati ya ulinzi mwezi Februari 1885. Huko Venice, mkalimani aliyekuwa dhaifu alihatarisha maisha yake mwenyewe. Huko Usagara, waliopata hasara ni watu ambao hawakuwamo hata kikaoni.

Seminari ya Berlin

Miaka miwili baada ya hati hiyo, kwa sheria ya mwezi Mei 1887, Seminari ya Lugha za Mashariki iliundwa ndani ya Chuo Kikuu cha Berlin. Ilifunguliwa mwezi Oktoba mwaka huo huo chini ya uongozi wa Eduard Sachau. Gharama ziligawanywa baina ya Dola ya Ujerumani na Prussia. Shabaha yake ya kwanza ilikuwa kuwaandaa wakalimani wachanga kwa ajili ya balozi za Ujerumani, na wanafunzi waliolengwa hasa walikuwa wa sheria. Lugha za mwanzo zilikuwa Kichina, Kijapani, Kihindustani, Kiarabu, Kiajemi na Kituruki, na pamoja nazo Kiswahili kikafundishwa tangu mwanzo. Lugha nyingine hizo zilitakiwa kwa ajili ya kuongea na dola zilizosimama. Kiswahili kilitakiwa kwa ajili ya nchi iliyokuwa imeanza kutekwa. Tofauti hiyo iliathiri mengi yaliyofuata.

Mpango wa ufundishaji ulikuwa mzuri. Kila lugha ilikuwa na walimu wa aina mbili: Mjerumani aliyefundisha sarufi na maarifa ya nchi, na mwenyeji wa lugha aliyefundisha matamshi, mazungumzo na kusoma mwandiko. Kwa Kichina waliajiriwa Gui Lin wa Kaskazini na mshairi Pan Feisheng wa Kusini. Kwa Kijapani alikuwapo Inoue Tetsujirō, aliyekuja kuwa mwanafalsafa maarufu kwao. Mwalimu wa kwanza wa Kiswahili alikuwa Carl Büttner, mmishenari aliyewahi kufanya kazi miongoni mwa Waherero. Kwa upande wa wenyeji alikuja Sulaiman bin Said kutoka Unguja, na baada yake Amur bin Nasur, ambaye alifundisha katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1890.

Büttner alitambua kwamba mkalimani wa Pwani hawezi kutosheka na Kiswahili cha herufi za Kirumi. Barua za maliwali, maakida na wafanyabiashara ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko wa haraka usio na irabu, na kijana aliyeshindwa kuzisoma alilazimika kumpa mtu mwingine amsomee, akarudi pale pale pa bailo. Ndiyo sababu mwaka 1892 alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu uwe kitabu cha darasani. Mwaka 1894 yalitoka tena maandishi mengine aliyoyakusanya, yakiwamo mashairi na habari za safari za walimu wenzake, waliosimulia walivyotoka Unguja, walivyovuka bahari, na walivyouona mji wa Berlin. Carl Velten, aliyechukua nafasi baada ya Büttner, alikuwa amepata kuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani huko Dar es Salaam. Yeye naye alihitaji maandishi ya kusomea. Kutokana na haja hiyo vilitoka vitabu vya hadithi, cha safari (1901), ambamo imo safari ya Salim bin Abakari ya Urusi na Siberia, na cha desturi (1903).

Ni dhahiri, basi, kwamba sehemu kubwa ya nathari ya kwanza ya Kiswahili iliyochapishwa na Waswahili wenyewe wakiwa waandishi ilizaliwa kama zana ya mafunzo. Mwandishi alitakiwa aandike kama watu wasemavyo, aeleze mambo ya arusi, mashauri, madeni, mazishi na safari, ili kijana wa Kijerumani atakapokaa barazani asipotewe na maana. Kwa kuwa lengo lilikuwa mkalimani aelewe, nathari hiyo ilikuwa nyoofu, yenye maelezo kamili, na ndiyo maana hata leo yasomeka bila kuchosha.

Mwalimu Aliyezuiwa Bandarini

Hatima ya Mtoro bin Mwinyi Bakari yaonyesha upande wa pili wa mafunzo hayo. Alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, mnamo mwaka 1869, akasoma elimu ya dini, akafundisha Kurani. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari. Ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya kitabu cha desturi cha 1903. Lakini jina lililowekwa mbele ya kitabu lilikuwa la Velten.

Baada ya kuacha kazi hapo, Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani mwaka 1904. Mwaka 1905 aliazimia kurudi kwao pamoja na mkewe. Meli ilifika Afrika Mashariki, lakini wakuu wa koloni hawakukubali mume mweusi na mke mweupe washuke pamoja. Iliwabidi kurudi Ujerumani. Mtu aliyewafundisha maofisa wa koloni jinsi ya kubisha hodi katika nyumba za Waswahili alinyimwa ruhusa ya kuteremka katika nchi yake mwenyewe. Alifundisha baadaye Hamburg, katika taasisi ya kikoloni iliyokuwa huko, na alifariki Berlin mwaka 1927. Jina lake lilirudishwa juu ya kitabu chake mwaka 1981, wakati tafsiri ya Kiingereza iliyofanywa na J. W. T. Allen ilipotolewa.

Habari hii isichukuliwe kuwa mkasa wa mtu mmoja tu. Katika mpango wa Berlin, mwenyeji wa lugha alikuwa msaidizi daima, ijapokuwa bila yeye hakuna kijana ambaye angeiva. Alihesabiwa kama kisima, watu wachote na waende zao. Kutoka Venice hadi Berlin dola zilijitahidi kumfanya mkalimani kuwa mtu wa ndani. Hazikufikiri kumfanya mwalimu wake kuwa mtu wa ndani pia.

Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza katika historia hii. La kwanza, mafunzo ya mkalimani mchanga hukamilika pale msingi wa darasani unapofuatwa na uanagenzi katika nyumba ya kazi; Wafaransa walilijua hilo tangu 1721. La pili, lugha peke yake haitoshi bila maarifa ya sheria, mwandiko na desturi, kama Büttner na Velten walivyoona. La tatu, uaminifu wa mkalimani haununuliwi kwa uraia peke yake. Hujengwa kwa kinga anayopewa anaposema maneno yasiyopendeza, na kwa heshima anayopewa yule aliyemfundisha.

Umuhimu wa mambo hayo haukupita pamoja na ukoloni. Mwezi Julai 2004, huko Addis Ababa, Rais Joaquim Chissano wa Msumbiji aliuhutubia Umoja wa Afrika kwa Kiswahili, na ukumbi ulikutwa haukujiandaa kwa ukalimani. Mwaka 2022 Kiswahili kilipitishwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja huo. Kwa karne nzima Kiswahili kilikuwa lugha ambayo vijana wa dola nyingine walitumwa kujifunza ili waitumie juu ya wenyeji wake. Sasa kinahitaji vijana wake wenyewe, watakaokaa katika vibanda vya ukalimani na katika ofisi za balozi, wakiwa na Kiarabu, Kifaransa, Kireno na Kiingereza upande mmoja, na Kiswahili kilichoiva upande wa pili. Vyuo vitakavyowafundisha vina urithi wa kuanzia: barua za hati ya Kiarabu, habari za safari, na kitabu cha desturi cha mwalimu wa Bagamoyo, vyote vilivyoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa ukalimani. Inafaa vifunguliwe tena darasani, na mara hii majina ya waliovitunga yasomwe kwanza.